Mwanamke Aliyeimba Sauti ya Pili

Ningekuwa natunga, ningejipa nafasi nzuri zaidi. Basi amini kwamba nasema kweli, kwa sababu katika kisa hiki hakuna mahali ninapotoka na heshima.

Mimi ni fundi wa sauti. Sikusomea. Nilijifunza kwa vitabu vya maelekezo ya mashine, vingine vya Kifaransa, kamusi ikiwa pembeni. Nilikulia Tanzania, nikaja Kigali nikiwa kijana; sasa nina mvi. Napiga gitaa la besi katika bendi ndogo ya roki, na nairekodi mwenyewe kwenye chumba changu cha Rwezamenyo, chini ya paa la bati, juu ya duka la fundi cherehani.

Mwaka jana tulikuwa tunarekodi wimbo wetu wa taratibu, "Niwekee Kiti". Unazijua nyimbo za aina ile: gitaa peke yake, sauti ya chini, halafu kiitikio kinapanda na ngoma zinaingia kwa nguvu. Chetu kilikuwa hakipandi. Alasiri moja nilikuwa namsubiri Placide, mwimbaji wetu. Mvua ikashika. Akanipigia kwamba amejikinga Gitega, mtaa wa jirani, na pikipiki zote zimesimama.

Nikiwa peke yangu, akaingia mwanamke kujikinga mvua. Hilo ni la kawaida hapa. Mvua ikishika, mlango ulio wazi ni wa kila mtu. Nilimkaribisha bila kugeuka, nikaendelea na mashine. Alisikiliza kiitikio kikijirudia, kisha akasema kuna sauti inakosekana pale na anaweza kuiimba. Nikamwonyesha maikrofoni kwa mkono.

Sasa nifuate taratibu. Mashine yangu ina taa ndogo za kijani zinazopanda mtu akitoa sauti. Hata ukikohoa zinapanda. Yeye aliimba, nikamsikia vizuri masikioni, sauti safi yenye mkwaruzo kidogo mwishoni, na taa hazikupanda. Hata moja. Nilikagua nyaya, nikakagua tena. Na rekodi ilikuwa na sauti yake, lakini ile mvua iliyokuwa inapiga bati haikuwamo. Maikrofoni iliyo wazi chini ya bati isinase mvua? Nieleze wewe.

Alipomaliza aliomba jambo moja tu.

"Mukiucheza, museme kuna mutu aliimba na nyinyi."

Nikasema sawa, macho yangu yakiwa kwenye taa. Nilipogeuka hayupo, na sakafu ilikuwa kavu kuanzia mlangoni.

Placide alipofika na kusikia, aliniuliza mwanamke huyo nimemficha wapi siku zote hizi, na kama mke wangu ana habari. Nikacheka. Nikarudi kwenye mashine.

Wimbo ulipotoka, sisi tuliozoea kupigia watu wanaokula nyama bila kututazama tukajikuta tunasikika saluni, kwenye teksi, hata harusini. Na kila mtu aliuliza swali lile lile: dada yule ni nani?

Tukaitwa kwenye kipindi cha Kiswahili cha redio moja mjini. Nikaenda mimi. Mtangazaji, kijana mcheshi, akasema amesikia mimi ndiye mtaalamu nyuma ya wimbo, nimwambie siri ya sauti ile. Ningeweza kusema niliogopa kuitwa mwendawazimu. Si hivyo. Hakuna aliyewahi kuniita mtaalamu mbele ya watu, na nililipenda neno lile. Nikajibu kwamba hakuna mwanamke. Ni sauti yangu, nimeipandisha kwa mashine. Nikaeleza na jinsi nilivyofanya.

Ikaingia simu ya mama mmoja wa mtaa wa Batsinda. Alijitambulisha kuwa Mama Devota.

"Muzee, huyo iko mutoto wangu," akasema. "Devota aliimba kwaya, alishakufa. Kila asubuhi namusikia kwa wimbo wenu, ndio naweza kuamka. Mimi sidai kitu. Sema tu kama alikuja."

Mtangazaji alinitazama. Neno moja lingetosha: ndiyo.

"Pole sana, mama," nikasema. "Ni mashine."

Kijana akaona mambo yamekuwa mazito, akauweka wimbo. Kiitikio kikafika. Placide aliimba peke yake. Mahali pa sauti ya pili palikuwa na mvua, mvua ikipiga bati.

Mama yule alikuwa bado kwenye simu.

"Mumemutoa," akasema, na simu ikakatika.

Tangu saa ile sauti haipo popote. Haipo kwenye simu za watu, haipo hata kwenye mashine yangu. Watu walisema tumeiondoa kwa kiburi. Kwenye onyesho lililofuata mtu alipiga kelele, "Muzee, washa mashine yako tusikie!" Ukumbi mzima ukacheka, na Placide, aliyekuwa mbele yangu, hakugeuka.

Baadaye Mama Devota alikuja mwenyewe. Nilimpa chai, nikamsimulia yote kama ninavyokusimulia wewe. Sikutegemea msamaha, na yeye hakunilaumu. Aliuliza tu mtoto wake alikuwaje. Amekonda? Alivaa nini? Alionekana ana amani?

Nilitafuta kichwani. Nilikumbuka kila waya na kila taa.

"Sikumtazama, mama," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa, akamaliza chai yake, akaniambia murakoze, yaani asante. Neno hilo ndilo linaloniamsha usiku mpaka leo.

Wewe unayenisikiliza, mtu usiyemjua akiingia kwako na kukupa kitu ambacho huna, acha kazi umtazame usoni. Akikuomba umtaje, mtaje siku hiyo hiyo. Usingoje uulizwe mbele ya watu, kwa sababu mbele ya watu utakuta una jibu lingine, na litatoka kinywani kirahisi kuliko unavyodhani.