Kitambaa cha Njano Kwenye Swichi

Nilimwona. Kwa haya macho yangu mawili nilimwona mtu aliyenikata vidole, na nikaapa kumkomesha.

Subirini nisimulie, halafu mnitukane vizuri.

Nilikuwa kiwanda cha mikate, upande wa kukanda unga. Unga ukigandia pembeni ya mashine, unazima, unaingiza mkono, unakwangua.

Sasa tulikuwa na sheria yetu. Kabla ya kuingiza mkono, unatundika kitambaa chako kwenye swichi. Kila mtu na rangi yake, changu cha njano. Kikiwa pale, hata bosi hagusi.

Siku hiyo nikatundika changu, nikaingiza mkono.

Mashine ikawaka.

Vidole viwili vya mkono wa kulia, kwaheri.

Aliyewasha ni mwenzangu wa zamu, tulimwita Twiga kwa urefu wake.

Kitandani hospitalini niliirudia ile picha usiku na mchana. Kila nikiirudia inazidi kung'aa: ule mkono wake mrefu, kitambaa changu, anakitoa, anakitupa kule.

Bosi akatuita wote wawili.

"Ulikitoa?" akamuuliza.

"Nilikuwa nahesabu trei, bosi. Sikumbuki kuona kitambaa."

"Hukumbuki!" nikafoka. "Mimi nakumbuka kwa niaba yako. Ulikitoa, nikakuona!"

Akafukuzwa siku hiyo hiyo.

Nikatosheka? Thubutu!

Nikasikia kapata kazi kwenye kiwanda kingine cha mikate. Nikaenda. Sikugombana na mtu, niliomba tu kumwona msimamizi, nikauweka mkono wangu mezani.

"Huyu kijana wenu ndiye aliyenifanya hivi."

Wiki haikuisha, wakamtoa. Akapata kwingine, nikaenda tena. Jamani, nisidanganye, nilikuwa narudi nyumbani moyo umepoa kabisa.

Mwaka ukapita. Mdogo wangu alikuwa anahama, akawa anatafuta mfuko wa kuwekea viatu. Akauvuta ule niliopewa hospitali, wenye nguo zangu za siku ile. Sikuwahi kuufungua, sikutaka kuiona ile damu.

"Dada, hiki nacho nitupe?"

Alikuwa amekitoa kwenye mfuko wa aproni yangu. Kitambaa cha njano. Kimekunjwa mara nne, kina alama za pasi, vile vile nilivyokiweka asubuhi ile.

Nikakaa chini.

Sikukitundika. Miaka sita nilikitundika kila siku ya Mungu, kumbe kichwa kilichukua siku nyingine kikaibandika juu ya ile. Na mkono uliokitoa? Niliutengeneza mwenyewe, kwa hasira zangu.

Kesho yake nikaenda kwa Twiga. Mkewe alinifungulia mlango bila salamu, na haki yake. Nikamkuta mwenyewe uani anafua. Nikaeleza yote, nikamkabidhi kitambaa.

Alikitazama weee, halafu akatabasamu kwa huruma.

"Una moyo mzuri, dada. Lakini usijisumbue kunifariji."

"Sikufariji! Kilikuwa mfukoni mwangu!"

"Basi ulikuwa na viwili."

"Kimoja tu! Si unajua tulipewa kimoja kimoja?"

Akatikisa kichwa.

"Mwanzoni kweli nilikuwa sikumbuki. Lakini kila mahali nilipofukuzwa niliambiwa nilikitoa, nilikitoa. Nikakaa nikafikiri. Nikakumbuka, dada. Nilikitoa kwa mkono huu. Hata sasa nikifumba macho nakiona, cha njano."

Akaunyoosha mkono.

"Mashine sigusi tena. Nitamkata mtu mwingine."

Nilizunguka kule kote nilikomchafua, nikasema ukweli mbele za watu, nikatukanwa. Wasimamizi wawili wakakubali kumrudisha. Yeye ndiye aliyekataa. Nimekwenda kwake mara tatu, nimelia, nimempigia magoti. Ananiinua, ananiambia ameshanisamehe.

Ananisamehe mimi! Kosa langu analibeba yeye, na bado ananisamehe.

Wewe uliyeapa kumkomesha mtu kwa sababu uliona kwa macho yako, kwanza nenda kamuulize mtu mwingine aliyekuwepo. Mimi sikuuliza. Nilitaka Twiga aikumbuke ile siku kama ninavyoikumbuka mimi, na sasa anaikumbuka hivyo hivyo.