Muuza Mapanki wa Mkuyuni Anayeomba Daktari Amtukane

Mafuta yamekwisha kuchemka. Dorotea Masalu anatumbukiza kichwa cha sangara kwenye karai kwa mkono wa kulia, huku wa kushoto umeshikilia mkongojo. Mteja wa kwanza, fundi baiskeli, anauliza nyama iko wapi.

"Minofu yake iko angani, inakwenda Ulaya," anamjibu. "Sisi katuachia akili. Kaa ule."

Ndivyo alivyo Mama Maige, kama anavyojulikana hapa sokoni Mkuyuni, jijini Mwanza. Tangu viwanda vya samaki vilipoanza kuota ufukweni, miaka hii ya soko huria, anauza mapanki, yaani vichwa na mifupa inayobaki minofu ikishaondolewa. Siku njema humwachia shilingi elfu mbili. Biashara hiyo ndiyo iliyomlisha hata baada ya kukatwa uvimbe kwenye paja, mwaka juzi. Madaktari waliuita sakoma, saratani ya nyama laini za mwili.

Daktari wake wa saratani ni Dk. Pazi, Mzaramo. Mama Maige ni Msukuma. Msomaji anayejua utani wa makabila hayo mawili ameshaelewa matatizo yalianzia wapi.

"Siku ya kwanza tu nilimwuliza nani kamruhusu Mzaramo ashike kisu badala ya ngoma," anasema. "Akaniambia nilale vizuri, atanishona kwa kamba ya ng'ombe. Nikapona nusu hapo hapo."

Wakaendelea hivyo kila kliniki, matusi juu ya matusi, wauguzi wakishika mbavu. Mpaka kichwa kilipoanza kumwuma.

Kwanza alisingizia moshi. Kisha akamkumbuka mwanamke wa Buhongwa waliyelazwa naye vitanda jirani, ambaye ugonjwa ulimpanda kichwani, akafa hamkumbuki hata mumewe.

"Niliogopa," anasema Mama Maige, na hapo anaacha kugeuza samaki. "Niliogopa mpaka chakula hakishuki."

Akaenda kumwomba Dk. Pazi picha ya ubongo, ile ya mashine ya kompyuta ambayo Mwanza hakuna, mpaka Dar es Salaam.

"Picha ya kichwa cha Msukuma?" daktari akacheka. "Nitaona michembe tu, viazi vyenu vya kukausha. Na wewe si unauza vichwa? Chagua kimoja ubadilishe."

Akacheka naye, maana mtani hakasiriki, akarudi nyumbani kichwa kinamgonga. Mara ya pili aliomba huku analia. Daktari akampigia makofi. Huwezi kumlaumu sana, kwa kuwa kliniki iliyotangulia mama huyu alijifanya kuzimia ili tu amnyang'anye kiti.

Shoga yake Gladness, muuza nyanya wa meza ya jirani, ndiye aliyempa dawa. "Utani uvue mlangoni, kama viatu," alimwambia. "Kisha uingie."

Juma lililopita Mama Maige akaingia, akapiga goti kwa shida na kusema, "Shikamoo, daktari."

Dk. Pazi aliweka kalamu chini, akainuka kufunga mlango. Hakuwahi kusalimiwa hivyo na mgonjwa huyu.

"Kinauma tangu lini?" akauliza.

Akammulika macho, akamgonga magoti kwa kinyundo, akamtembeza chumbani. Akamweleza kwamba sakoma hukimbilia zaidi mapafuni, ndiyo maana anapigwa picha za kifua, na kwamba kichwani hufika mara chache. Lakini mara chache si kamwe, akasema, na picha atamwandikia.

"Ungeniambia mapema, dada yangu, nisingecheka."

"Nilikuambia. Ulicheka."

Daktari akamwomba radhi, akamshika mkono. "Hapo ndipo nilipoogopa kweli," anasimulia Mama Maige. "Mzaramo ananiita dada!"

Kaka yake Shimba, wa Kamanga, ng'ambo ya ziwa, ameuza dume la ng'ombe kwa ajili ya safari. Alhamisi Mama Maige atapanda treni kwenda Dar es Salaam, na Gladness atamshikia karai.

Akirudi na picha, anasema, hatajisumbua kuitazama. Atamtazama daktari usoni.

"Akiniambia karibu dada, kaa hapa, nitajua yamenifika," anasema, akimfungia fundi baiskeli kichwa cha pili kwenye gazeti. "Kwa hiyo kila nikilala namwomba Mungu nimkute yule Mzaramo hana adabu hata kidogo."