Santuri za Wazee Wanne

Alfayo Ombui alipogawiwa kipande cha shamba la mzungu huko Nyansiongo, mwaka 1965, alibahatika kupata kile chenye nyumba. Ndani alikuta gramafoni ya betri na kabati la santuri. Akazipanga kwa busara aliyokuwa nayo, yaani kwa idadi ya watu waliopigwa picha kwenye jalada. Zenye watu themanini wa koti jeusi zilikaa sebuleni, akawapigia wageni kwa sauti ya kusikika barabarani, naye akihutubia huku zikipiga. Zile za wazee wanne na fidla zao zilimtia aibu. Mkewe Bathsheba, mama Nyanchera, alizitumia kufunikia ndoo za maziwa.

Mwaka 1972 Alfayo alitamani kuwa mzee wa kanisa. Alifaa kwa kila kitu isipokuwa tabia. Mchungaji Ratemo akaahidi kuja kumtazama Ijumaa jioni, kabla Sabato haijaingia na muziki wa kidunia kunyamaza. Lakini mgeni kuondoka bila kuiona gramafoni ikizunguka, kwa Alfayo, ni sawa na kutokuja. Ndipo akawakumbuka wale wazee wanne. Hawaimbi, hawana ngoma, hawasikiki hata zizini. Dhambi iko wapi?

"Mama Nyanchera, nipe hiyo iliyo juu ya ndoo."

"Na maziwa nifunike na nini?"

"Funika na wale themanini."

Mchungaji alipokwisha kunywa chai, santuri iliwekwa. Alfayo akaanza kuhutubia kama kawaida, akagundua kwamba sauti yake inazifunika fidla. Akanyamaza. Bathsheba, ambaye hakuwahi kuliona jambo hilo tangu aolewe, alidhani anaumwa. Fidla moja iliuliza, nyingine ikajibu bila haraka, ile kubwa ikakubali shingo upande.

Jua likaanza kuzama. Mchungaji akasimama na Biblia yake.

"Ndugu Alfayo, tufungue Sabato."

Alfayo akainua mkono bila kumtazama. "Ngoja kidogo, Mchungaji. Hawajamaliza."

Hawakuwa karibu kumaliza. Mchungaji akakaa, akasimama tena, mwishowe akaenda kuomba jikoni na Bathsheba.

Uzee wa kanisa ulikwenda kwa Nyangau, mtu asiye na gramafoni wala, kwa kadiri ninavyojua, wazo lolote. Alfayo alipoletewa habari, wale wazee wanne wakipiga, alisema ni sawa, akamtaka mjumbe avue viatu vyake vya misumari au akae nje.

Mjumbe akakaa nje.