Mtu wa Tisa Kwenye Boti

Kazi ya kuandika sheria za usalama za siku ya maboti iliniangukia kwa sababu moja tu: ofisini kwetu Garissa, mimi ndiye niliyezoea kusahihisha Kiswahili cha barua za wenzangu. Wengi wetu tumelelewa kwa Kisomali, Kiswahili tukakikuta shuleni pamoja na sare. Basi mkubwa wangu alipotaka ukurasa mmoja wa sheria, aliniita mimi.

Siku yenyewe huja kila mwaka, mvua za masika zikiisha na mto Tana ukitulia. Watu wa kando zote mbili hukutana ukingoni. Asubuhi wakulima wa mashamba ya mtoni hushindana kwa mitumbwi. Alasiri maboti ya injini huwapakia watu wa mjini, wengi wao wakiwa wanawake na watoto, yakawapeleka hadi darajani na kuwarudisha. Mwaka uliotangulia, boti moja ilirudi na maji yakiwafika abiria kwenye vifundo vya miguu. Abiria walikuwa wakicheka. Mkubwa wangu, aliyekuwa amesimama ukingoni, hakucheka.

"Andika sheria," aliniambia. "Ukimaliza, mpelekee mzee wa maboti kule ng'ambo azipitie. Yeye ndiye atakayeongoza wenzake siku hiyo."

Nilipata kijitabu cha sheria za mashindano ya ziwani. Nikanakili, nikapunguza, nikapanga kwa nambari. Siku ya pili nikavuka daraja kwa bodaboda, nikateremka kwa njia ya mashambani hadi nilipomkuta mzee huyo ameinamia injini ya boti, mikono imejaa grisi. Nilitoa salamu, naye akaitikia bila kuinua kichwa. Ile sauti ilinitosha kumtambua. Nikabaki nimeishika karatasi yangu, nisijue nianzie wapi.

Miaka kadhaa nyuma, mto ulipofurika na kuikata barabara ya Madogo inayoingia mjini kwetu, nilikuwa natoka Nairobi kuchukua cheti changu cha chuo. Basi lilitushusha mahali lami ilipozama. Mbele yetu maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yametanda juu ya barabara, na watu walivushwa kwa maboti. Saa nane mchana siku hiyo hiyo nilikuwa na usaili wa kazi. Nilipofika kwenye boti ilikuwa imejaa: watu wanane, mmoja wao mzee aliyempakata mbuzi, na mabunda na jerikeni.

"Imetosha," nahodha alisema. "Ngoja nirudi. Nusu saa tu."

"Mzee, tafadhali. Nina usaili."

"Nimesema imetosha, binti."

"Mimi mwembamba. Hata hutajua kama nimo."

Abiria wawili watatu wakanitetea. Mmoja alisema, "Mwache apande, ni mwanafunzi." Nahodha alinitazama, akatazama maji, akatazama tena abiria wake. Akasogeza jerikeni kwa mguu. Nikapanda.

Tulikuwa tumefika katikati boti ilipogonga kitu chini ya maji. Baadaye tuliambiwa ni nguzo ya kibao cha barabarani. Boti ililala ubavu, ikatumwaga wote. Maji yalinifika kifuani na yalikuwa na nguvu, yakinivuta kunitoa barabarani kunipeleka porini. Niliushika ukingo wa boti kwa mikono miwili. Kando yangu mama mmoja alikuwa akipiga kelele, na kelele zake zilikuwa neno moja: mtoto. Shuka aliyombebea mgongoni ilikuwa imefunguka.

Nahodha alipiga mbizi mara ya kwanza, akaibuka mikono mitupu. Mara ya pili akaibuka na shuka, na ndani ya shuka kulikuwa na mtoto, amefumba macho. Alimgeuza kifudifudi kwenye mkono wake, akampiga mgongoni. Mtoto alikohoa, kisha akalia. Sijawahi kusikia kilio kilichonituliza kama kile.

Hakufa mtu. Trekta lilikuja kutuchukua. Upande wa pili walikuwepo polisi, na swali lao la kwanza lilikuwa: mlikuwa wangapi? Nahodha akajibu, tisa. Boti yake ikakamatwa, naye akaingizwa kwenye gari lao huku nguo zake zikidondosha maji. Hakuna aliyeuliza wa tisa alikuwa nani. Mimi nilikwenda kwa rafiki yangu, nikaazima buibui kavu, nikaenda kwenye usaili. Kazi nikaipata, hii hii ninayoifanya hadi leo.

Sasa nilikuwa mbele yake, na yeye alikuwa akijifuta mikono kwa kitambaa.

"Nisomee," alisema. "Miwani nimeiacha nyumbani."

Nikasoma. Sheria ya kwanza ilihusu mawimbi makubwa. Ya pili ilihusu upepo wa jioni. Nilipofika kwenye taa za gatini, alinyanyua mkono.

"Huu ni mto wa wapi, binti yangu?"

"Nilinakili kutoka kwa watu wa ziwani."

"Ndiyo maana. Hapa mawimbi yako wapi? Andika magogo. Mto wetu unabeba miti mizima kutoka juu, inakwama chini huioni. Andika mipira ya pampu za mashamba, hiyo inanasa kwenye injini. Andika viboko, na pale kwenye kona ya mchanga andika mamba. Na andika kwamba maji ya mto huu yanaweza kupanda hapa bila tone la mvua, mabwawa ya huko juu yakifunguliwa. Siku hiyo mtu asimame darajani tangu alfajiri aangalie maji kwenye nguzo ya daraja. Maji yakipanda shubiri moja, kila mtu anatoka."

Nilikuwa nikiandika mgongoni mwa karatasi, haraka. Aliendelea vizuri mpaka akafika kwenye idadi ya abiria, hapo akaanza kujifuta mikono upya.

"Wanane," akasema. "Boti zetu hizi ni wanane na nahodha. Mimi niliwahi kubeba tisa."

Niliacha kuandika. Nikasema, "Mzee, wa tisa nilikuwa mimi."

Alinitazama kwa muda mrefu. Nilitegemea hasira, au angalau lawama. Kumbe alikuwa akijaribu kunikumbuka, na ikamshinda.

"Wewe?" alisema. "Mimi siku zote nilijua ni yule mzee wa mbuzi. Miaka yote hii nimemlaani yule mzee."

"Mzee wa mbuzi alikuwa ameshakaa nilipofika. Mimi ndiye niliyekuomba. Nilisema mimi mwembamba."

"Wanasema hivyo wote." Akatikisa kichwa. Kisha akacheka kidogo, lakini macho yake hayakuwa na kicheko. "Boti yangu ilikaa pale kituoni mpaka ikapasuka kwa jua. Mashamba yamezama, boti hakuna. Mke wangu aliuza vyombo."

Nikaanza kusema nisamehe. Alinizuia kwa mkono ule wenye grisi.

"Sikiliza. Wewe uliomba. Kuomba ni haki ya mtu mwenye haraka. Mimi ndiye niliyesema panda, na nilijua. Moyo ulikuwa unaniambia usimbebe, na macho ya watu yananiambia mbebe. Nikayasikiliza macho ya watu. Kwa hiyo usiandike sheria ya abiria. Andika ya nahodha. Tena usimwachie nahodha kuhesabu, maana yeye ndiye anayetazamwa. Weka mtu ukingoni ahesabu. Boti isiondoke mpaka huyo mtu ainue mkono."

"Nani atakubali kazi hiyo?" nikauliza.

Alirudi kwenye injini yake, nami nikaelewa kwamba ni mimi.

Siku ya maboti ilifika na jua kali. Kipaza sauti kilikuwa kikisoma sheria zetu kwa Kiswahili na Kisomali, na watu walikuwa wakisikiliza kama wanavyosikiliza matangazo ya mbuzi aliyepotea. Mtu wetu alikuwa darajani tangu alfajiri, na maji kwenye nguzo yalikuwa pale pale. Mashindano ya mitumbwi yalikwisha salama. Shida ya kwanza ilikuja na jaketi za kuelea. Wanawake wengi hawakutaka kuzivaa juu ya hijabu zao mbele ya wanaume, hasa ule mkanda wa kupitisha katikati ya miguu. Tukatundika maturubai, tukawapa wanawake wawili kazi ya kuwavika wenzao nyuma yake, na foleni ikasogea. Hilo halikuwa kwenye kijitabu cha ziwani wala kwenye kichwa cha mzee.

Alasiri nikamwona eeddo yangu akishuka ukingoni, yaani shangazi yangu, dada wa baba, ambaye ndiye aliyenilea tangu mama yangu alipofariki. Alikuja na wageni kutoka Habaswein: wifi yake, mabinti wa wifi, na watoto. Wifi huyo alikuwa mwanamke wa makamo aliyeishi maisha yake yote kwa maji ya kisima na ya lori. Alikuwa akiutazama mto kama mtu anayemtazama mnyama na asijue kama anauma.

Eeddo alifanya kama mwenyeji yeyote wa kwetu anavyofanya. Aliwatanguliza wageni wote, akawakalisha mmoja mmoja, akamfunga mtoto mdogo jaketi yake vizuri. Kisha akainua buibui kidogo, akatia mguu wake kwenye boti. Nikahesabu. Nikahesabu tena, nikitumaini nimekosea.

"Eeddo," nilimwambia kwa Kisomali, taratibu, "wametimia. Wewe ni wa tisa. Boti nyingine iko nyuma yako hapa, utapanda hiyo sasa hivi."

"Wageni wangu waende peke yao? Huyu mama anaogopa, hebu mwone."

Ni kweli alikuwa akiogopa. Alikuwa ameushika mkono wa eeddo na hakuuachia.

"Basi mmoja wao ateremke, mje pamoja."

"Nimwambie mgeni ateremke?" Sauti yake ilipanda. "Mgeni aliyetoka Habaswein? Wallahi, hilo hutalisikia kinywani mwangu. Inua mkono wako, tuondoke. Mimi nitakaa pembeni, sichukui nafasi ya mtu."

Nilimtazama nahodha. Alikuwa yule yule mzee wangu, ameketi nyuma kwenye injini, na alikuwa akiangalia mkono wangu tu. Hakuwa na nia ya kunisaidia. Watu waliokuwa kwenye foleni walikuwa wameanza kusema: ni mama mmoja tu, si mzito, mwache, maji yametulia. Na maji yalikuwa yametulia kweli. Hiyo ndiyo sehemu iliyonitesa. Hapakuwa na gogo lolote machoni, wala kiboko, wala wingu.

"Siinui mkono, eeddo."

"Mimi niliyekuosha na kukulisha, unaniteremsha mbele ya watu?"

"Ndiyo, eeddo. Samahani."

Alitoa mguu wake kwenye boti. Akabandua vidole vya wifi yake kimoja kimoja, akimwambia maneno ya kumtuliza, akarudi nyuma. Nikainua mkono. Boti iliondoka, ikaenda hadi darajani, ikarudi. Hakuna lililotokea. Yule mama wa Habaswein alishuka akicheka na kulia kwa pamoja, akisema anataka kurudia. Eeddo hakungoja boti ya pili. Aliwachukua wageni wake, wakapanda bajaji mbili, wakaenda nyumbani.

Miezi miwili hakupokea simu yangu. Ndugu zangu waliniambia nimekosa adabu. Mmoja akaniuliza kama ofisi ndiyo mama yangu sasa. Kama kungetokea ajali, hata ndogo, watu wangesema nilikuwa na haki. Lakini boti ilikuwa imekwenda na kurudi salama, na kwa macho yao ingekwenda na kurudi salama na eeddo ndani yake. Huenda ni kweli. Usiku nilipolifikiria, wakati mwingine niliwaona wao ndio wenye haki.

Mwishowe nilikwenda kwake siku ya Ijumaa baada ya sala. Alinifungulia mlango, akaniletea chai, akakaa mbali. Nikamwambia nina habari ambayo sijapata kumwambia mtu wa nyumbani. Nikamsimulia kuhusu barabara iliyozama, na nusu saa niliyokataa kusubiri, na shuka iliyofunguka, na buibui ya kuazima. Alisikiliza bila kunikatiza, mkono ukiwa mdomoni.

"Siku ile ulirudi nyumbani ukasema umenyeshewa," alisema.

"Niliona aibu."

"Na mtoto?"

"Alipona."

"Alhamdulillahi." Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nilipoingia. "Ungeniambia pale pale mtoni."

"Kulikuwa na watu, eeddo."

"Ndiyo hivyo. Kulikuwa na watu." Akaisogeza birika kwangu. "Unajua kilichoniuma? Si kuachwa. Ni kuteremshwa. Mguu wangu ulikuwa ndani. Kwa nini mnawahesabu watu wakishakaa? Wahesabuni huku juu, kwenye maturubai, kabla hawajashuka ukingoni. Huku juu mtu akiambiwa ngoja, amengoja tu. Hajavunjiwa heshima."

Nilichukua kalamu kwenye mkoba wangu. Sikuwa na karatasi, nikaandika nyuma ya risiti ya duka. Aliniangalia nikiandika, akaniambia niongeze kwamba mwenye wageni ahesabiwe pamoja na wageni wake, wasitenganishwe. Kama nafasi haitoshi, kundi zima lisubiri boti inayofuata. Nikaongeza. Jumatatu nilimpelekea mzee sheria hizo mpya kule ng'ambo. Safari hii alikuwa na miwani. Alisoma mwenyewe, kidole kikifuata maneno, akauliza ni nani aliyefikiria jambo hilo. Nikamwambia, mama yangu.