Pazia la Saa Kumi

Kwa miaka kumi na minne Koleta alimpikia Ba Jamna, akamfulia, akamlelea wajukuu, kwenye nyumba iliyokuwa nyuma ya duka la nguo pale Mtendeni. Ba, ndivyo Wagujarati wanavyomwita mama, alikuwa mama mzazi wa mwenye duka. Alifika Tabora akiwa bibi harusi, reli haijajengwa bado, akibebwa kwenye machela na wapagazi wa Kinyamwezi tangu pwani. Kiswahili chake kilikuwa cha Unyanyembe hasa. Mwaka 1952 mtoto wa jicho akamfunika macho yote mawili.

"Nipelekeni Dar es Salaam," akasema. "Nisimame mbele ya mungu wetu Rama kwenye lile hekalu kubwa kabla sijafa."

Mwanawe hakuweza kuliacha duka. Akatumwa Koleta, mjane Mkatoliki wa Chemchem, ambaye hata mlango wa msikiti hakuwahi kuuvuka. Kwenye treni Ba akapanda daraja la pili, Koleta la tatu, na kila kituo alishuka mbio hadi dirishani kuuliza kama Ba anataka maji.

Walifika hekaluni jua la utosi. Nje mikokoteni na magari viligombea njia; ndani ya lango kulikuwa na ua mpana wa mawe, nyumba tatu za ibada, nyumba ya wageni ya ghorofa, na jiko lililonukia samli. Bawabu akamtazama Koleta kuanzia kitambaa cha kichwani hadi viatu.

"Watumishi hungoja nje, mama."

"Basi niongoze wewe," Ba akamwambia. "Unishike nisianguke, na kila unachokiona unisimulie. Utaweza?"

Bawabu akasogea.

Koleta akavua viatu, akamvua na Ba. Marumaru yalikuwa baridi. Moyoni alisali Salamu Maria, asijue kama anaomba ulinzi au msamaha. Walipofika mbele, akakuta pazia jekundu limefungwa.

Angeweza kudanganya. Angesema Rama huyu hapa, Ba angeinama, wakarudi zao kula kwa jamaa waliowapokea mjini. Nani angejua?

"Ba, pazia limefungwa."

"Mchana Rama hupumzika." Ba akacheka kidogo. "Ataamka saa kumi. Tumngoje."

Wakakaa barazani, migongo ukutani, bega kwa bega. Hawakuwahi kukaa hivyo. Nyumbani Ba hukaa kitini, Koleta kwenye kigoda karibu na mlango.

"Una mtoto amezikwa Tura," Ba akasema. "Uliponiambia nilikupa sukari na kanga. Jina lake sikuuliza."

Koleta hakuwa amelitamka jina hilo tangu afe mumewe Sylvester, aliyekuwa kibarua wa reli huko Tura.

"Pelagia. Alikuwa na miezi minane. Homa ilimchukua."

"Alikuwa mchekaji?"

"Sana, Ba. Hata treni ikipita alicheka."

Ba aliupapasa mkono wa Koleta sakafuni, akaushika, wala hakuuachia.

Saa kumi kengele zikalia, watu wakajaa, pazia likavutwa.

"Nisimulie."

Koleta akasimulia: taji la dhahabu, maua ya manjano shingoni, macho makubwa.

"Yananitazama?"

"Yanakutazama, Ba."

Ba akaunganisha viganja, akaanza kuomba kwa Kigujarati, haraka haraka, kama mtama unaopepetwa. Katikati ya maneno hayo Koleta akasikia, wazi kabisa: Pelagia.

Jumamosi baada ya kurudi Tabora alikwenda kuungama kwamba aliingia hekaluni. Padri, Mzungu mzee, akamuuliza:

"Ulisujudu?"

"Hapana, Padri. Nilikuwa macho ya mtu."

"Unatubu?"

Koleta akafikiri. "Natubu kuingia bila kukuuliza. Mengine bado nayawaza."

Padri akakohoa, akampa kitubio cha rozari moja.

Ba aliishi miaka miwili zaidi, gizani. Kile kigoda cha mlangoni akaamuru kitolewe, na mchana, duka likifungwa, Koleta alikaa naye kitandani karibu na dirisha, akimsimulia wapitao njiani.

"Mama mmoja kabeba karanga. Nyuma yake mtu wa Nzega, anaswaga ng'ombe wawili."

"Wa rangi gani?"

"Mmoja mweusi, Ba. Mwingine ana baka jeupe usoni."