Kimpira Juu ya Bati

Mama yangu, Bi Mwanabaraka, ni kungwi. Nusu ya wake za watu hapa Tabata kawafunda yeye, na somo lake kubwa ni subira. Yeye mwenyewe hanaga hata subira ya kungoja chai ipoe. Jipu analitumbua likiwa bichi, kuku akichechemea anachinjwa.

Sasa mwanangu Shamimu, miaka tisa, akavimba taya. Daktari akatuonyesha kwenye picha: kifuko cha maji ndani ya mfupa, na chini yake jino la ukubwani limekwama. Hakutaka kupasua. Aling'oa jino la utoto lililokuwa juu, akatoboa kifuko, akashonea kimpira chembamba ili maji yawe yanatoka. Kazi yangu kusafisha hapo kwa bomba la sindano na maji ya chumvi kila siku, miezi na miezi, mpaka jino lipande lenyewe.

"Tundu likiziba, itabidi tupasue, na jino litaondoka," akasema.

Mama akasonya. "Daktari gani anatoboa halafu anakaa kusubiri? Mie ningekuwa nishamaliza."

Basi siku moja nimeenda sokoni, huku nyuma nyuzi zikalegea, mtoto anakula kitumbua, kimpira kikachomoka. Bibi mtu akafanya kile anachofanyaga jino la mtoto likitoka: akamwambia akirushe juu ya bati, panya wamletee jino jipya. Nimerudi wananisimulia, wanacheka. Mie nilitaka kulia, na nilimwambia mama yangu maneno ambayo binti hamwambii mama yake.

Nikaona kaogopa. Akajifunga kibwebwe, akaegemeza ngazi, akapanda, kungwi mzima na makalio yake, mtaa wote umetoka kutazama. Akashuka nacho. Hospitali daktari akakitupa kwenye ndoo ya taka, akaweka kipya. Bahati yetu tundu lilikuwa bado wazi.

Tangu hapo bomba la sindano kaninyang'anya. Hata akiwa ndani anafunda, saa ya kusafisha ikifika mwari atangoja.

Leo asubuhi kaniita uani. Kamshika Shamimu kidevu. Kwenye ufizi kuna kitu cheupe, kidogo kama punje ya mchele. Nikanyoosha kidole niguse, akanichapa mkono.

"Liache," akasema. "Linakuja lenyewe."