Kamongo wa Komarock

Sikulazimishi uniamini, ila usicheke kabla sijamaliza. Haya yalinipata mimi mwenyewe, nyumbani kwangu Komarock, jioni moja taa zikianza kuwaka na moshi wa jaa la taka la Dandora ukitunyemelea kama kawaida.

Nilikuwa nafuga kambare kwenye tangi nyuma ya nyumba. Mmoja alikataa kukua. Sharubu hana, mapezi membamba kama nyuzi, nikasema ugonjwa umemmaliza. Mimi ni Mkamba, samaki nilimjulia kwenye sahani, ulitaka nijue nini? Ndani nako binti yetu mchanga alinyonya vizuri na bado akazidi kukonda. Hospitali hawakuona kitu. Niliogopa tutamzika.

Basi mama mmoja akabisha geti, akasema amesikia nina samaki mgonjwa. Amesikia wapi? Sikuuliza, nikamfungulia, nikafunga tena. Alimtoa samaki majini kwa mikono mitupu, akambonyeza tumbo, akamtazama macho, akamnusa ngozi.

"Huyu si mgonjwa, baba. Ni kamongo, samaki wa kinamasi anayevuta hewa. Umemwita kambare, ukamlisha cha kambare, atakuaje? Mpe konokono."

Akamrudisha majini, kisha akatazama dirisha la chumba cha mtoto.

"Na huyo mmemwitaje?"

Nikamwambia Mwikali, jina la mama yangu. Akatikisa kichwa.

"Mimi ni Nekesa," akasema.

Hapo ndipo nilipoona. Kifua chake hakikuwa kikipanda wala kushuka. Kamongo alipotoa mdomo juu ya maji kuvuta hewa, naye akavuta, mara moja tu, akatulia. Nikageuka kumwita mke wangu, na nilipotazama tena mgeni hayupo. Geti limefungwa, ufunguo uko mfukoni mwangu.

Mke wangu ni mtu wa Budalang'i. Aliposikia jina hilo alilia. Nekesa alikuwa shangazi yake, alizama kinamasini huko kwao kabla yeye hajazaliwa, na hakuna mtoto aliyewahi kupewa jina lake. Tulimpa binti yetu jina hilo siku hiyohiyo.

Sasa amenenepa, anakimbia, na kamongo naye amejaa tangi. Lakini mtoto akilala, kifua chake hutulia, kikatulia, hadi naanza kumwomba Mungu. Kisha huvuta hewa mara moja, na huko nje nasikia maji ya tangi yakitikisika.

Kwa hivyo mgeni akikuuliza mtoto wako anaitwaje, usikimbilie kujibu. Mtazame mgeni huyo kifua kwanza.